Besi ya nyuzi nne au tano: ipi ununue kwanza?

Ukiingia duka la vyombo vya muziki Kariakoo ukaulizia gitaa la besi, jibu la kwanza ni swali: nyuzi nne au tano? Wengi husema tano, kwa hesabu kwamba uzi ukiongezeka na sauti imeongezeka. Hesabu hiyo inawapoteza watu pesa. Besi mbovu ya nyuzi tano itakusumbua kuliko ya nyuzi nne ya bei ileile, na sababu iko kwenye uzi mmoja tu: ule wa B.

Besi ya kawaida hutyuniwa kwa noti za E, A, D, G, kuanzia uzi mnene. Uzi wa E ukiupiga bila kuubana hutetema kama mara 41 kwa sekunde. Besi ya nyuzi tano huongeza B chini yake, unaotetema kama mara 31. Unapata noti tano usizokuwa nazo: B, C, Db, D na Eb. Kwa mpiga besi wa kwaya noti hizo ni mali. Wimbo ukishikwa kwenye Eb, mwenye nyuzi nne hana Eb ya chini. Kiitikio kikitua, pale kanisa zima linapongoja kuusikia mshindo kifuani, yeye analazimika kupanda oktava nzima, aipige Eb ya juu.

Lakini tofauti inasikika hata kwenye noti zilezile. Piga E kwenye uzi wake bila kubana, halafu piga E hiyohiyo kwenye freti ya tano (nafasi ya tano shingoni) ya uzi wa B. Ya kwanza inalia wazi, ina ukali wa chuma, inadumu. Ya pili ni nene, nzito, ni kama imefunikwa blanketi. Uzi wa B mara nyingi una unene wa inchi 0.130, wakati wa E ni 0.100 au 0.105, uzi mnene uliobanwa ukafupishwa unakuwa mgumu, na zile sauti ndogondogo za juu zinazoipa noti sura yake zinafifia. Kwenye wimbo wa kuabudu wa taratibu, E hiyo nzito ni tamu sana. Kwenye sebene la haraka inameza maneno yote ya besi.

Kumbuka pia spika. Spika ndogo ya mazoezi ya inchi 10 haiwezi kutoa vizuri mitetemo 31. Unachosikia hasa ni 62 na 93 zilizo juu yake, na sikio linajijazia iliyobaki. Uzi wa B usipokuwa safi, noti haipo. Kuna ngurumo tu.

Namba moja, kwa anayenunua besi yake ya kwanza kwa pesa ya kubana: nyuzi nne yenye pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) ya mtindo wa Fender Precision, ile iliyokatwa vipande viwili. Fender waliitoa Precision mwaka 1951, na pikapu hiyo ya vipande viwili ikaja mwaka 1957. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, alijenga jina lake kwa besi ya aina hiyo, nyuzi nne tu. Sauti ya besi hii imejaa katikati, haipotei kinanda na ngoma zikiingia, wala haihitaji betri. Matoleo ya Squier, chapa ya bei nafuu ya Fender, yanatosha kabisa.

Namba mbili ni nyuzi tano ya daraja la kati yenye kikuza sauti cha ndani kinachotumia betri, kama Yamaha TRBX305 au Ibanez SR305E. Kama unapigia kwaya kila Jumapili na pesa inaruhusu, ruka namba moja uje hapa moja kwa moja. Kikuza sauti kinakusaidia kupunguza uzito wa chini ukumbi ukianza kuvuma. Ibanez ina shingo nyembamba na nyuzi zilizokaribiana: raha kwa vidole, shida kwa anayependa kuchapa kwa gumba. Ukikuta besi yenye nyuzi zenye urefu wa inchi 35 badala ya 34 za kawaida, ijaribu kwa makini. Inchi hiyo moja inaukaza uzi wa B na kuufanya uongee vizuri zaidi.

Namba tatu ni njia ya wenye besi tayari: ifunge nyuzi nne nene, B, E, A, D, uiache G. Fundi atapanua mifereji ya juu ya shingo na kurekebisha daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa besi. Unapata chini yote, unapoteza juu.

Mwisho kabisa ni nyuzi tano ya bei ya chini kuliko zote dukani. Usiinunue bila kuijaribu, hata ikiwa inang'aa.

Kuijaribu si kazi. Chomeka kwenye amplifaya, vitufe vya sauti vyote katikati, tyuni vizuri. Piga B, C na D za chini polepole na umwombe mwenzako aziimbe; akishindwa kuitambua noti, rudisha. Linganisha nguvu ya uzi wa B na wa E: usisikie mmoja unapiga kelele na mwingine unanong'ona. Sogeza mkono karibu na daraja upige tena, maana B nzuri hapo hujitokeza zaidi. Wakati wa kupiga nyuzi nyingine, gumba lako lilalie uzi wa B, la sivyo utanguruma wenyewe. Na besi ya betri ukimaliza kuipiga, chomoa waya: nyingi huendelea kula betri muda wote waya ukiwa umechomekwa.