Makumbusho ya reli Jinja, nendeni jamani

Jumamosi nilimpeleka binti yangu makumbusho ya reli hapo Jinja, Uganda, aisee tulikaa karibu masaa matatu. Mwongozaji anajua kazi yake, alituelezea vile reli ilianza Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, vibarua zaidi ya 30,000 wakaletwa kutoka India, wengi wakafa, wengine wakabaki wakafungua maduka mpaka huku kwetu, na walowezi wazungu nao wakapanda treni hiyo hiyo kwenda kuchukua mashamba ya watu kule nyanda za juu Kenya. Hapo niliumia sana. Binti akapapasa chuma cha behewa la zamani, kutu ikabaki kwenye vidole, akauliza, "Mama, babu alipanda hii?" Kampala treni ya kutoka Mombasa ilifika 1931. Nitarudi na baba yangu ajibu mwenyewe.