Lipa Namba kanisani: naipa nyota nne, ya tano nimeizuia

Wachungaji wenzangu wananipigia sana kuniuliza habari za Lipa Namba, ile namba ya kampuni ya simu ya kupokelea malipo, ambayo sisi tunapokelea sadaka, kwa hiyo naandika hapa ili nikipigiwa tena nimtumie mtu asome mwenyewe. Usharika wetu uko Segerea, Dar es Salaam, si mkubwa. Waumini ni walimu, mama lishe, madereva, wastaafu, na vijana wengi wanaosema wamejiajiri. Kampuni ya simu tuliyoichukua siitaji, maana ninayoyasema yanazihusu kampuni zote.

Wazo lilianza 2020. Ibada hapa nchini hazikusimama kipindi cha korona, ila kikapu kilichopita mkono kwa mkono kilianza kutazamwa vibaya. Kabla hatujajipanga, ikaja Julai 2021 na tozo ya serikali kwenye miamala ya simu. Mtu anataka kutoa elfu mbili anakuuliza, mchungaji, na tozo nayo nihesabiwe kuwa sadaka? Tukarudi kwenye bahasha. Tozo ziliposhushwa ndipo baraza la wazee lilipoifufua ile ajenda.

Kujisajili kulituchosha. Kwetu walitaka nakala ya cheti cha usajili wa kanisa (asili yake iko makao makuu, kwa hiyo barua ikapanda na kushuka), TIN (namba ya mlipakodi), vitambulisho vya taifa vya NIDA vya watia saini, muhtasari wa kikao na barua ya serikali ya mtaa. Ofisa wa kwanza alisema karatasi zimetosha, wa pili akasema muhuri haujaonekana vizuri. Ukiwa na duka la vipodozi unapata namba yako haraka tu. Ukiwa kanisa, funga na kuomba.

Nalaumu usumbufu, lakini siulaumu urefu wa orodha, na hapa nataka mnisikilize. Mtu akilipa, kabla hajaweka namba ya siri jina linatokea. Kwetu linatokea jina la usharika. Jijini hapa nimeona mabango ya mikutano, tena makubwa, yenye namba ya sadaka ambayo ukiijaribu linakuja jina la mtumishi mwenyewe, au la mke wake. Hilo halihitaji cheti, ni laini ya simu tu. Wanajitetea kwamba usajili wa taasisi ni mgumu. Ni mgumu kweli. Lakini sote tumeshapokea zile meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani". Muumini aliyezoea kutuma sadaka kwa jina la mtu binafsi kesho atatapeliwa na mtu binafsi mwingine, na hatakuwa na namna ya kuwatofautisha.

Siku ya kukamilisha fomu alinihudumia dada mmoja mchangamfu. Akafika kwenye namba ya simu itakayopokea taarifa za malipo. Akainua macho.

"Tuandike ya kwako, mchungaji?"

"Hapana, andika ya mtunza hazina."

Akacheka. "Wenzako wote wanataka ziingie kwao."

"Mwanangu, mimi meseji ninazo za kutosha."

Nilimjibu kwa utani kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Jibu lenyewe ni hili. Kikapu hakisemi nani katoa nini. Bahasha zetu zina namba za waumini, kwa hiyo daftari la ahadi linajua, sikatai, lakini daftari liko kabatini na funguo anayo mtunza hazina. Meseji inakuja na jina, kiasi na saa, inakukuta mfukoni ukiwa bado umevaa kanzu. Mzee fulani, laki mbili. Mama fulani, elfu moja. Jumatano unaitwa kwenye nyumba mbili zenye wagonjwa, moja ya yule mzee na nyingine ya yule mama, na petroli ya pikipiki inatosha nyumba moja. Hebu niambie utakwenda wapi, halafu niambie kama meseji haikuingia kwenye uamuzi. Injili ya Marko inasimulia kwamba Yesu aliketi kulielekea sanduku la hazina akitazama watu wanavyotoa, na akamheshimu mjane kuliko matajiri. Sawa, lakini yule alikuwa Yesu. Mimi ni mchungaji wa Segerea mwenye watoto wanaodaiwa ada.

Kwa hiyo meseji zinaingia kwenye simu ya ofisi, ile ndogo ya vitufe, inayokaa kwa mtunza hazina. Mimi napewa jumla. Mzee mmoja wa kanisa aliona nimejipunguzia mamlaka. Akauliza, kiongozi utawaongozaje watu usiojua uwezo wao? Nilimwambia nitaujua wakinikaribisha chai.

Faida sasa, maana zipo. Zamani baada ya ibada ya pili fedha ilihesabiwa na wazee wawili, ikafungwa kwenye mfuko, ikalala nyumbani kwa mtu mpaka benki ifunguliwe Jumatatu. Mtunza hazina wetu, mwanamke wa makamo, alikuwa anapanda bodaboda na mfuko huo ameufunika khanga. Siku hizi sehemu kubwa haishikwi na mkono wa mtu. Taarifa ya mwezi inachapishwa, inabandikwa ubaoni ikiwa na jumla za kila Jumapili bila majina, na namba zinazosomwa kwenye matangazo zinalingana nayo. Minong'ono ya kwamba sadaka inapungua njiani imepungua yenyewe.

Mnada nao umenyooka. Msiosali kwetu: mtu asiye na fedha huleta kuku, mayai, mkungu wa ndizi, na baada ya ibada vinanadiwa pale nje. Ugonjwa wa mnada ulikuwa "nitalipa Jumapili ijayo". Sasa mnadi, mzee mstaafu wa reli mwenye sauti isiyohitaji maiki, anamshika jogoo miguu, mshindi anabonyeza *150 na kuendelea kwenye simu yake, na jogoo haachiwi mpaka mtunza hazina apaze sauti, "Imeingia!" Jumapili moja mtandao ulikuwa unasuasua. Jogoo alining'inia, mzee akabadilisha mkono, watu wakaanza kumwombea jogoo. Mshindi mwisho akatoa noti.

Huo mtandao ndio nyota niliyoizuia. Saa nne asubuhi ya Jumapili, mji mzima uko ibadani, ndipo unakuta "muamala wako unashughulikiwa". Mzee wetu mmoja hakuona majibu, akarudia. Zikaingia zote mbili. Angekuwa ametuma kwenye namba ya simu ya kawaida ungemrudishia papo hapo; kwenye Lipa Namba ikawa ni kupiga huduma kwa wateja, kusikiliza muziki, kutoa maelezo, na kupiga tena wiki iliyofuata. Wazee walikuwa tayari kumrudishia kutoka kikapuni, yeye akasema basi ichukuliwe ni shukrani. Haikuwa shukrani, ilikuwa uchovu.

Jambo jingine sikulitegemea. Kwaya ikiimba wakati wa matoleo, watu kwetu hutoka kwenye viti wakicheza kwenda mbele. Wenye simu wakawa wamekaa, wanainama, hata ukiwa madhabahuni hujui nani anatoa na nani yuko kwenye kundi la WhatsApp. Watoto ndio walioumia zaidi. Mama amelipa kwa simu, mtoto hana cha kushika. Tulikuwa na wadogo wanaofika mbele na kuweka mkono mtupu kwenye kikapu kisha wanarudi wamenuna. Mwalimu wa shule ya Jumapili akatangaza kila mzazi aje na sarafu, ya mia mbili inatosha. Kibandiko chenye namba tumekihamisha mlangoni. Anayelipa kwa simu alipe akiingia au akitoka, na wakati wa wimbo asimame acheze na wenzake hata kama mkono hauna kitu.

Makato ya kuhamisha fedha kwenda benki yapo, uliza kabla ya kusaini, maana mabango yao hayayataji. Na kwa kampuni zenyewe, kama kuna anayesoma: tunaomba akaunti ambayo taarifa ya malipo inaweza kuja bila jina la mtoaji, na ambayo fedha haitoki mpaka watu wawili waidhinishe, kila mmoja kwenye simu yake. Mkifanya hivyo nyota ya tano mnayo.

Anayetaka kwenda kusajili asiende Jumatatu, foleni ni ya wenye maduka. Abebe nakala mbili za kila karatasi, muhuri uonekane, na aende na mtunza hazina wake, maana simu itakayoandikwa pale ndiyo itakayobaki.