Kumhamisha kasuku wa kijivu kutoka Dubai hadi Uholanzi: uzoefu wangu na wakala wa kusafirisha wanyama

Wakala aliyetusafirishia kasuku wetu nampa nyota nne kati ya tano. Makaratasi aliyajua vizuri sana. Kasuku hakumjua. Kama unajiandaa kuhamia Ulaya na wako, ujue mapema kwamba hizo ni kazi mbili tofauti, na ya pili utaifanya mwenyewe nyumbani hata ulipe kiasi gani.

Mwinyi ni kasuku wa Kiafrika, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Tulimchukua kwa mfugaji hapo hapo Imarati akiwa bado kinda, na ana pete isiyofunguka mguuni pamoja na cheti cha wizara chenye namba ileile ya pete. Kama wako hana alama wala cheti, anza na hilo kabla hata ya kuulizia tiketi. Tangu tarehe 2 Januari 2017 kasuku hawa wamo katika Kiambatisho cha Kwanza, yaani orodha ya wanaolindwa zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na biashara ya kimataifa ya wale walionaswa porini imepigwa marufuku. Uamuzi ulipitishwa Johannesburg mwaka 2016, na sababu zake zinaumiza: Ghana wamekaribia kutoweka kabisa, na mashariki mwa Kongo, huko Maniema na Tshopo, wamekuwa wakinaswa kwa ulimbo na nyavu miaka nenda miaka rudi, wengi wakifia njiani wakiwa wamebanwa kwenye makasha. Kwa hiyo ofisa akikushikilia kwa maswali kuhusu pete, usimkasirikie. Anamtetea kasuku ambaye hana wa kumsemea. Mimi nilifurahi kila nilipoulizwa.

Makaratasi ndiyo sehemu ambayo wakala alistahili kila dirhamu, na hazikuwa chache. Gharama yake ilizidi tiketi yangu mara kadhaa. Siri iko kwenye mpangilio. Kwa mnyama wa Kiambatisho cha Kwanza, nchi unayokwenda ndiyo inayoanza kutoa kibali cha kuingiza. Kwa Uholanzi kinatoka kwa idara iitwayo RVO. Ukishakipata ndipo wizara ya mazingira ya Imarati inapokupa kibali cha kutoa, na hicho kina uhai wa miezi sita tu. Wakala mwingine niliyempigia simu kabla ya huyu alitaka tuanze na kibali cha Imarati, eti cha Uholanzi kitafuata. Nilimshukuru nikakata simu.

Upande wa afya una saa yake inayokimbia kivyake. Umoja wa Ulaya unaruhusu ndege wa nyumbani wasiozidi watano, nao wanatoa njia kadhaa: chanjo ya mafua ya ndege, au kumtenga siku 30 kabla ya safari, au kumtenga siku 14 na kumpima virusi vya mafua hayo, aina za H5 na H7, au kumweka karantini siku 30 akishafika Ulaya. Tulichagua siku 14 na kipimo. Kumwacha Mwinyi mwezi mzima kwa watu asiowajua, katika nchi asiyoijua, sikuweza hata kulifikiria. Hawa ni ndege wanaojinyonyoa manyoya kwa huzuni, na wakishaanza tabia hiyo wengine hawaiachi tena. Kisha kuna cheti cha afya cha daktari wa serikali, ambacho kinadumu siku 10 tu hadi akaguliwe anapoingia. Wakala alichukua karatasi moja, akaandika tarehe ya safari chini kabisa, halafu akapanda nayo kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi siku ya kwanza ya kutengwa. Karatasi hiyo tuliibandika kwenye friji, na hakuna tarehe hata moja iliyoteleza.

Wengi wananiuliza kama niliweza kukaa naye kwenye kiti. Hapana. Shirika la Emirates, kwa mfano, ndege pekee wanayemruhusu ndani pamoja na abiria ni kozi wa kuwindia, tena kwa baadhi ya safari za Pakistan tu. Kasuku anakwenda kago. Na ili ahesabike kuwa ni wa nyumbani na si bidhaa ya biashara, lazima safari yake na ya mwenyewe zisipishane zaidi ya siku tano.

Sasa nyota iliyopotea. Sanduku waliloniletea lilikuwa la plastiki, lenye mlango wa nondo mbele, safi kabisa, na halikumfaa kasuku hata kidogo. Kijana wa ghalani kwao, mtu wa Mombasa, aliniambia kwa upole, "Usijali dada, humu mbwa mzima anaenea, seuze kasuku." Nikamwambia, "Kaka, mbwa hasimami juu ya kijiti." Tukakaa chini tukalitazama pamoja. Kijiti walichokitia kilikuwa bomba la plastiki, laini, ambalo kucha haziwezi kulishika gari likipiga breki, na kilikuwa nyuma mno, kiasi kwamba mkia ungekuwa unasugua ukuta safari nzima. Bakuli la maji lilikuwa chini yake moja kwa moja, yaani lingejaa kinyesi kabla hata ya kufika uwanjani. Mlango nao haukuwa na pazia. Kanuni za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, za kusafirisha wanyama hai zinataka mambo haya yote yawe sawa: kijiti cha kushikika, vyombo vinavyojazwa kutokea nje na visivyochafuliwa, kitambaa chepesi cha kupunguza mwanga huku hewa ikipita. Gizagiza humtuliza ndege, mwanga na watu wanaopita humtia kiwewe.

Yule kijana alisikiliza, na baada ya hapo walitengeneza jingine la mbao, ndani likiwa na wavu wa chuma kwa sababu mdomo wa kasuku huyu unatafuna ubao kama biskuti. Kijiti kilikuwa cha mti wa kweli wenye magome. Hilo lilikuwa bora. Lakini kampuni inayojitangaza kwamba inasafirisha "wanyama wote" haikupaswa kungoja mteja aseme.

Mazoezi yalikuwa juu yangu. Sanduku lilikaa sebuleni mlango wazi, na lozi, anazozipenda kupita kitu chochote, zikawa zinapatikana humo tu. Mwanzoni alinyoosha shingo, akadokoa, akarudi nyuma. Kisha mguu mmoja. Kisha akawa anaingia na kukaa kula kwa starehe, nami nikaanza kufunga mlango kwa muda mfupi, nikimsemesha. Baadaye tukawa tunamzungusha kwa gari jioni. Dawa ya usingizi usikubali hata kama mtu atakuhakikishia kwamba ni kidogo; ndege aliyeleweshwa hawezi kushika kijiti, na kupumua kwake kunaweza kuvurugika kule juu bila mtu wa kumsaidia. Siku ya safari nilimtilia vipande vya tango, tofaa na zabibu. Maji ya bakuli humwagika, ya kwenye tango hayamwagiki.

Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, palikuwa na utaratibu kuliko nilivyotegemea. Wakaguzi wa NVWA, mamlaka ya Uholanzi ya ukaguzi wa chakula na wanyama, walilinganisha namba ya pete na kila karatasi, forodha wakagonga mhuri, na nikakabidhiwa sanduku. Nilifunua pazia. Alikuwa amesimama kijitini, manyoya yamemlala mwilini kwa hofu, macho makavu yakinitazama bila kupepesa. Tango lilikuwa limeliwa. Hakusema neno siku hiyo wala kesho yake, na hilo ni la kawaida kwao. Kasuku asiyejisikia salama hunyamaza. Nilipunguza wageni, nikaweka tundu lake kwenye kona yenye ukuta pande mbili, nikampa vyakula vilevile vya Dubai kabla ya kumzoesha vya huku. Aliporudia kupiga "Hodi!" asubuhi moja, nyumba nzima ilipiga makofi.

Kinachonishughulisha sasa ni majira ya baridi. Huku Desemba jua linatoka kwa kuchelewa na kuondoka mapema, na kasuku wa kijivu ni wepesi wa kupungukiwa kalisi, kwa hiyo daktari wa ndege ametushauri taa maalumu ya UVB, miali kama ya jua inayomsaidia ndege kutumia kalisi. Kuna kasuku wadogo wa kijani waliozagaa kwenye bustani za Amsterdam, asili yao Asia na Afrika, nao wanapita dirishani wakipiga kelele, Mwinyi anawajibu.

Ukimtafuta wakala, kabla ya kutoa malipo ya awali muombe picha ya sanduku alilolitumia kwa ndege wa mwisho aliyemsafirisha, na muulize kibali kipi kinaanza. Na nakala ya kibali cha kuingiza yenye mhuri wa forodha usiiache kwa wakala. Yangu walitaka kubaki nayo kwa kumbukumbu zao. Nikawapa fotokopi, kwa sababu siku tukihama tena, ofisa wa kwanza ataitaka ile yenyewe.