Color Me Country au Cowboy Carter, uanze na ipi?

Kama unataka kuujua muziki wa kantri wa wanawake weusi wa Marekani na muda wako mdogo, mi nasema anza na albamu ya Linda Martell, Color Me Country ya 1970. Ina nyimbo 11 tu, unaimaliza uko jikoni unasubiri maharage yaive. Cowboy Carter ya Beyoncé (2024) ina 27, ndani kuna kantri, rap, roki mpaka opera, ni tamu sana ila inataka utulie.

Sikiliza Bad Case of the Blues ya Linda, pale sauti inaporuka ghafla toka kifuani mpaka juu kabisa afu inashuka, inaruka tena, na hapo ni koo lake tu jamani. Mi napenda hiyo kuliko kitu chochote cha Beyoncé.

Beyoncé aliingia akiwa tayari staa wa dunia, na 2025 akabeba Grammy ya albamu ya mwaka. Linda alifika namba 22 kwenye chati ya kantri 1969 na wimbo Color Him Father, akaimba Grand Ole Opry, shoo maarufu ya kantri kule Marekani, mwanamke mweusi wa kwanza kupanda pale peke yake, huku kwenye shoo watu wanamtukania rangi yake, na lebo yenyewe, kampuni iliyotoa muziki wake, iliitwa Plantation, yani shamba la enzi za utumwa, inauma kwa kweli. Albamu ya pili hakutoa.

Ukimaliza ya Linda nenda Cowboy Carter, wimbo wa Spaghettii unaanza na Linda anaongea, wakati albamu inatoka alikuwa bibi wa miaka 82.