Kamera ya panorama ya plastiki Bagamoyo: punguza tundu la mwanga kabla ya kushika koleo

Kamera za plastiki zilizoandikwa "Panorama", zile nyepesi za miaka ya 1990 zinazookotwa kwenye mitumba, hazipigi panorama ya kweli, yaani picha pana kuliko kawaida. Ndani, juu na chini ya dirisha la picha, kuna vibao vyeusi vinavyoziba negativu ya 24 × 36 mm ubaki ukanda wa 13 × 36 mm. Upana hauongezeki. Ni uleule wa lenzi ya 28 mm, kama nyuzi 65. Unapewa picha ya kawaida iliyokatwa kichwa na miguu, basi. Ila ufukweni Bagamoyo, maji yakishakupwa, ukanda huo unatosha kabisa: mchanga, mashua zilizolala ubavu, mstari wa bahari. Mbingu tupu haina wa kuililia.

Dukani usiridhike na kusikia mlio. Shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) hutegwa kwa meno yanayoingia kwenye matundu ya mkanda, kwa hiyo bila filamu hata kamera nzima huonekana imekufa. Fungua mlango wa nyuma, zungusha gurudumu la meno kwa kidole hadi ligome, elekeza lenzi kwenye mwanga, bonyeza. Ukiona mwanga umepenya mara moja, shata ni nzima. Tazama pia kitufe cha kurudishia mkanda, mara nyingi kiko chini. Kikikataa kuzama, meno yatachana matundu ya filamu wakati wa kurudisha. Ikiuzwa zaidi ya bei ya mikanda miwili, iache hapo hapo.

Shida kubwa ya kamera hii Pwani ni mwanga kuzidi. Nyingi zina tundu moja tu la kupitishia mwanga kwenye lenzi, kama f/11 (namba ya f ikikua, tundu hupungua), na kasi moja ya shata, karibu 1/125 ya sekunde. Kwenye jua kali, filamu ya ISO 100 (ISO ni wepesi wa filamu kushika mwanga) inazidi kidogo tu, ISO 200 inazidi karibu stopu mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili), ISO 400 karibu tatu, na mchanga mweupe unaongeza nyingine. Filamu ya negativu kama Kodak Gold 200 inavumilia hilo, filamu ya slaidi haivumilii. Kwa hiyo kabla ya kugusa vile vibao, shughulikia tundu.

Hesabu yake ni rahisi: gawa 28, ile mm ya lenzi, kwa namba ya f. Tundu la f/11 lina kipenyo cha 2.5 mm, f/16 ni 1.75 mm, f/22 ni kama 1.3 mm. Kata kiduara kwenye bati la kopo la soda, kitoboe kwa sindano huku ukipima, sugua mabaki kwa msasa laini mpaka ukingo uwe safi, kisha kipake rangi nyeusi isiyong'aa. Ng'oa pete ya mbele ya lenzi polepole, kiweke juu ya tundu la asili na ukishike kwa tone dogo la gundi pembeni. Wengi hukibandika mbele ya lenzi kwa kuogopa kufungua, halafu wanashangaa ncha za picha kuingia giza: kikikaa mbali na tundu la asili, kinakata miale ya pembeni. Na kama kamera ina flashi, usiifungue. Kapasita yake hubaki na mamia ya volti hata betri ikishatolewa.

Ubaya ni kwamba kwenye kivuli cha vichochoro vya Mji Mkongwe wa Bagamoyo mwanga hushuka kama stopu tatu, na f/22 hata na ISO 400 itakupa picha hafifu. Huko, na kwenye milango ya kuchongwa, kamera isiyoguswa yenye ISO 400 ndiyo inayofaa. Simama zaidi ya mita moja na nusu, maana fokasi haibadiliki. Kwenye magofu ya Kaole geuza kamera wima, la sivyo makaburi ya minara yatakatwa. Kumbuka pia bahari iko mashariki: asubuhi mashua ni vivuli vyeusi, rangi zake zinaonekana kuanzia saa tisa alasiri.

Kukata vibao kunawezekana: koleo dogo, kisha tupa ya kusugulia. Ila chembe moja ya plastiki ikibaki inachora mstari kwenye mkanda mzima, na pembe zitakazofunguka ni za giza na ukungu, kwani lenzi hiyo haikutengenezewa eneo lile. Raha yake ipo, lakini panorama umeiua kwa mkono wako.

Anayetaka upana halisi atafute kamera ya Sprocket Rocket ya kampuni ya Lomography. Nayo ni ya plastiki, lakini lenzi yake ya 30 mm hupiga urefu wa 72 mm hadi juu ya matundu ya mkanda, picha kama 18 kwa mkanda wa 36.

Kwa msafishaji wa filamu, sema mapema: "Usikate mkanda." Mashine hukata kwa vipimo vya kawaida na kuigawa picha ya 72 mm katikati. Kwa ile ya 13 mm, mwombe azime marekebisho ya otomatiki kwenye skana, maana ile mistari miwili myeusi huidanganya, ikaangaza picha hadi ikapauka.