Karatasi za Ukurasa wa Krismasi: Ipi Ununue Kwanza

Kila Krismasi kwetu Kisumu tunapigwa picha mbele ya tawi la msaiprasi lililofungwa baluni, nyanya ameketi katikati. Picha hizo mimi huzisafisha studio, kisha nikaziweka kwenye kitabu cha kumbukumbu ninachokitengeneza kwa mikono, ukurasa mmoja kwa kila mwaka. Karatasi ninazonunua ni hizi, kuanzia ile isiyokosekana hata pesa zikiwa chache.

Ya kwanza ni manila nzito. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina gramu 80 kwa mita mraba. Ibebeshe picha mbili na maua ya karatasi, italegea na kujikunja. Kwa ukurasa wenyewe tafuta gramu 200 au zaidi. Vitabu vya kumbukumbu vya Marekani hupenda ukurasa wa inchi 12 kwa 12, lakini usihangaike: manila ya A3 ukiikata mraba inakupa sentimita 29.7, karibu sawa kabisa. Chukua rangi ya maziwa, kijani na damu ya mzee. Pakiti ikiwa imeandikwa kwamba karatasi haina asidi, ongeza hizo shilingi. Umeona gazeti linavyogeuka manjano dirishani? Karatasi duni itafika huko, na picha itaumia nayo.

Ya pili naipenda kuliko zote, ila haifanyi kazi peke yake: karatasi ya magugu maji. Magugu yaliyoziba Ziwa Victoria na kuwatesa wavuvi wetu, mafundi wa hapa huyakatakata, huyachemsha, huyaponda na kuyatandaza kwenye chekecheke hadi yakauke. Nyuzi zake huonekana wazi, na hakuna laha mbili zinazofanana. Usiikate kwa makasi. Chora mstari wa maji kwa brashi, subiri kidogo, kisha ivute taratibu. Ukingo utatoka na manyoya laini. Ipange chini ya picha, ila katikati weka kipande cha manila kilichozidi picha kwa nusu sentimita kila upande, ili zisigusane. Kuikunja usijaribu, inavunjika.

Ya tatu, karatasi ya kufungia zawadi. Ni nyepesi na bei yake ni nafuu, na kwa nyota za mkunjo haina mpinzani: kata ukanda wa sentimita 4, ukunje mbele na nyuma kama feni, unganisha ncha, bana katikati. Ipake gundi ya kijiti, kwa kuwa gundi ya maji huikunyanza.

Karatasi ya kumetameta naiweka ya nne. Kipande kidogo cha nyota kinatosha. Vumbi lake hukwaruza picha.

Ya mwisho ni krepu, ile karatasi nyembamba yenye mikunjo inayovutika, na hapa nasema kwa uchungu. Krepu nyekundu ililowa gundi, ikachuja rangi juu ya picha ya shangazi yangu, na nakala nyingine sikuwa nayo. Itumie ukutani.

Zikibaki shilingi, nenda soko la Kibuye hapa Kisumu ukawaombe mafundi wa nguo mabaki ya kitenge na utepe. Picha usizipake gundi kamwe. Zishikilie kwa vipembe vya karatasi vinavyoshika kona za picha, ili siku moja mjukuu aweze kuzitoa na kusoma majina uliyoandika nyuma kwa penseli.