Flashi ya katuni toka Kadutu: filme nne, moja tu njo ilinishika

Nianze na bei juu najua njo mtauliza: franki 500 kuwekewa filme moja kwa flashi yako, ukichukua nne anakuachia kwa 1500. Ni kibanda kidogo tu pembeni ya soko ya Kadutu, apa Bukavu, ordi (kompyuta) moja, ventilateri moja yenye kelele, na kijana mwenye anaita kila mtu yaya ata kama anamupita miaka. Nikamwambia niwekee katuni zenye mambo ya masomo ndani. Akaniangalia. Yaya, si ni za wadogo? Nikasema ndio, za wadogo. Aibu tu ilinishika, juu asubuhi iyo nilikuwa nimetoka kusoma liste kwenye valve (ubao wa matangazo) ya fakilte na jina langu aikuwe kwa wenye kupita, sesioni ya pili, ile mitihani ya kurudia, nayo ilishakula pesa ya mama bure, kwa iyo ni kudubule (kurudia) L1, mwaka wa kwanza wa chuo, mwaka mzima, na sikutaka filme ya vita wala ya mapenzi, nilitaka kitu ya kukaa kimya nayo.

Ya kwanza kufungua ni Monstres Academy, ya Pixar, ya 2013. Nakala zetu ni za Kifaransa kwa iyo yule wa jicho moja ni Bob, wenye kuangalia kwa Kiingereza wanamujua kama Mike, ni yule yule. Bob tangu utoto ndoto yake ni moja: kuwa jini wa kutisha watoto usiku, juu kule kwao kelele za watoto njo zinawapa kura, yaani umeme (nilicheka, kumbe angalau wao iko na kitu ya kuwapa kura). Anaingia chuo, anasoma, anasoma, kitabu chote kiko kichwani. Pembeni yake kuna Sulli, mutoto wa jina. Profu anasikia tu jina la ukoo na uso unabadilika. Sulli anakuja oditwari bila kitabu, bila biki, anaomba Bob kalamu, Bob anafikiri anataka kuandika, kumbe ni ya kuchokolea meno. Apo nilisimamisha filme nikacheka peke yangu juu uyo mutu namujua, alikuwa anakaa nyuma yangu mwaka mzima, na yeye alipita.

Mpaka apo ni katuni kama zingine. Chenye kinaitofautisha ni ivi: Bob HAWEZI kutisha. Si kwamba hajajiamini, si kwamba hajapata rafiki mzuri wa kumutia moyo. Hawezi tu, umbo lake halitishi mutu. Kwenye mashindano ya mwisho mashine ya kupima nani anatisha inapiga kelele kwa ajili yake, watu wote wanamubeba, halafu baadaye anarudi kwenye ile mashine peke yake, anasema "bu" kidogo tu kama mutu mwenye mafua, na mashine inapiga kelele vile vile. Ni Sulli aliichezea, aliiweka kwenye rahisi. Uso wa Bob pale, jamani. Mimi nilisoma TP zangu (kazi za kufanya zenye profu anatupa) za mwaka mzima upya kichwani kwa iyo sekunde, zile pointi zenye nilipata juu rafiki aliniandikia, nilikuwa naziesabu kama zangu.

Nilikuwa naangalia na watoto wa mama mudogo kule Panzi, kura imekatika tangu saa tisa, batri ya ordi iko asilimia 14. Wanafukuzwa chuo wote wawili. Bi doyeni mwenyewe, mkuu wa chuo, anatoka kuwaona, anakubali kwamba wamemushangaza, lakini kuwarudisha, hapana. Kale kadogo ka miaka saba kakaniuliza, sasa wanarudi chuo lini? Nikasema ngoja. Tukangoja. Wanakuja kuanza kazi kwenye chumba cha kupanga barua, halafu usafi, halafu kantini, wanapanda pole pole mpaka ile kazi kubwa, na majina yakaanza kupita kwa ekra. Kakauliza tena, basi wanarudi lini? Hawarudi. Ni filme ya watoto, na inafukuza watu chuo bila kuwarudisha, mi sijawai kuona.

Malalamiko yangu: Sulli amesamehewa haraka sana. Huyu mutu alidanganya mbele ya chuo kizima, na mwishoni yeye na Bob wanaanzia kwenye barua zile zile kama makosa yao ni sawa. Si sawa bwana. Bob alivunja sheria lakini alisoma. Apo naikata nusu pointi, 4.5 kwa 5.

Zootopie (2016) watu waliisifia sana kwangu, mi naipa 3. Mwanzo ni mzuri kweli, Judi sungura anamaliza wa kwanza kwenye shule ya polisi, anafika mjini na diplome yake, anapewa kazi ya kuandikia magari makaratasi ya parkingi. Wa kwanza wa promosheni! Wazazi wake wakulima wa karoti wanamuona kwa simu na ile jile (kizibao) yake ya parkingi wanafurahi kweli kweli juu angalau si polisi wa ukweli. Iyo ni Bukavu kabisa, iko wangapi wenye lisanse wanauza yunite za simu pale Nyawera. Lakini halafu anapewa saa 48 kumaliza dosie ya fisi maji moja mwenye amepotea, na anaimaliza. Saa 48! Apa kwetu kwa saa 48 ata atestasyon ya masomo hujaipata, unaambiwa mwenye muhuri ametoka.

Toy Story 3 nitapita haraka. Andy anaenda chuo, mama yake anaingia chumbani, anakuta ni tupu, anashindwa kuongea. Wengi mtalia. Mimi nilitoka kwetu Kamituga kuja chuo na usiku ule ule wadogo wanne walikuwa tayari kwenye kitanda changu, mama hakupata chumba tupu ya kumuliza.

Ya nne, Vice-versa, siwezi kuinoti juu faili ilikufa katikati. Nilirudi kibandani, kijana akaiweka upya bila kuomba kitu, apo namusifu. Ila muende na flashi tupu. Yangu ilikuwa na nafasi kidogo, yeye akafuta vitu ili filme zienee, hakuuliza, na kwenye alifuta ilikuwemo dosie yote ya takwimu yenye nilikuwa nimeweka kwa ajili ya kurudilia.